Bunduki Ilikuwa Mkononi mwa Nani

Denzil Ratliff ndiye aliyempiga baba yake marisau ya uso na kumtia upofu, kisha akasema aliyefyatua ni dada yake. Jambo lenyewe ni hilo. Mengine yote yaliyompata Zella, ya kukosa mume, ya kuchekwa dukani, ya kumlisha baba kijiko kwa kijiko huku akisamehewa kosa lisilo lake, yalitoka hapo kama maji yanavyotoka kwenye chemchemi moja.

Kwao ni milimani, mashariki mwa Kentucky, kwenye bonde jembamba ambalo jua hulifikia limeshachelewa. Baba yao, Harmon, alikuwa mchimba makaa. Majira ya baridi alikohoa vumbi, na majira ya kuchipua alipanda mlima kuwinda bata mzinga. Watu wa mabonde mengine walikuja kumsikiliza akiita. Alikuwa na filimbi aliyoichonga kwa mifupa mitatu ya bawa la bata mzinga jike, mmoja ukiingia ndani ya mwenzake. Haikupulizwa. Uliiweka mdomoni ukavuta pumzi kidogo kidogo, kama mtu anayebusu mtoto, nayo ikatoa sauti ya jike anayetafuta dume. Madume waliacha mambo yao wakaja.

Nyumba hiyo ilikuwa na watoto wawili na bunduki moja nzuri, na Harmon alikwisha kuweka sheria kabla hawajaanza kugombana. Bata mzinga wa porini hulala juu ya mti. Jioni mwindaji huenda kukaa kimya akisikiliza mabawa yao yakipiga wanaporuka kupanda matawini, ili alfajiri ajue pa kuanzia. Kule wanasema mtu amemlaza ndege. Basi kwa Harmon, aliyemlaza ndege jioni ndiye aliyeshika bunduki asubuhi. Hapakuwa na kubembeleza wala kulia. Bonde zima lilijua sheria hiyo, na wengine waliiiga.

Zella aliacha shule akiwa mdogo, mama yao Lottie alipoumia mgongo na vyombo vikakosa mwoshaji. Kusoma kwake kuliishia kwenye jina lake. Denzil aliendelea mpaka akamaliza, akajifunza kusema vizuri mbele za watu. Lakini jioni mlimani, mara nyingi aliyerudi na habari alikuwa Zella.

"Kalala wapi?" Baba angeuliza kabla hajavua viatu.

"Kwenye mwaloni uliopigwa radi. Peke yake. Mzito, baba, tawi limelia."

"Umesikia, Denzil? Kesho wewe utabeba kahawa."

Asubuhi ile ya ubaya ilitanguliwa na jioni ya namna hiyo. Ulikuwa mwezi wa nne. Miti midogo ya porini ilikuwa imeshachanua maua yake meupe, na kila mwaka wakati huo baridi hurudi siku mbili tatu kama mgeni aliyesahau kofia. Lakini mwaka ule ilirudi na kukaa. Usiku theluji ilianguka juu ya maua, na kulipokucha hukuweza kujua kipi ni ua na kipi ni theluji.

Mama aliwapa biskuti za moto, vile vimkate laini vya kwao, na mchuzi mzito wa soseji, akasema watu wenye akili wangebaki kitandani. Walipanda mlima watatu. Bunduki aliibeba Zella, maana ndege alimlaza yeye. Glavu zilikuwa jozi moja, na Denzil alizivaa kabla mtu mwingine hajazikumbuka.

Wakakaa chini ya mti, Zella na Denzil mbele, baba nyuma yao kidogo akiita. Ndege hakujibu. Baridi ikizidi, dume hunyamaza. Anabaki juu ya tawi amejikunja, hataki jike wala dunia. Baba akaita tena. Kimya. Mwishowe akawasogelea akiinama.

"Nazunguka bondeni," alinong'ona. "Nitamwita kutoka upande ule, labda atadhani jike anaondoka. Nyinyi kaeni hapa hapa. Asiinuke mtu. Mmesikia?"

"Tumesikia, baba."

Alipoondoka, Zella akaona vidole vyake vimekuwa vyeupe kama mishumaa. Hakuhisi kifyatulio. Na Harmon ndiye aliyewafundisha kwamba mtu asiyehisi kidole chake asishike bunduki.

"Shika, Denzil. Vidole vyangu vimekufa."

"Si nilikwambia uvae glavu?"

"Glavu zenyewe umevaa wewe!"

Denzil alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Akaipokea bunduki. Pete ya mkanda wa bunduki ilikuwa imelegea, ikagonga chuma, kling, mlio wa kufika mbali kwenye baridi ile. Zella akaingiza mikono makwapani, akashukuru. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeona. Ulikuwa msaada wa ndugu kwa ndugu.

Baada ya muda ikasikika sauti ya jike kutoka chini.

"Wapo pale," Denzil akasema. "Dume atakuwa naye. Tukibaki hapa tutaganda bure."

"Huyo ni baba."

"Baba kaenda upande wa kule."

"Denzil, kaa chini. Baba kasema asiinuke mtu."

"Wewe baki uatamie mayai."

Akainuka. Akaenda ameinama kati ya miti, akiifuata sauti, jambo ambalo hata mtoto wa kule huambiwa asilifanye kabla hajafundishwa kufunga kamba za viatu. Sauti ya jike porini inaweza kuwa jike, inaweza kuwa mtu. Ndege unamngoja, humfuati.

Harmon alikuwa ameketi nyuma ya gogo. Pua ilikuwa inamtiririka kwa baridi. Alitoa kitambaa cheupe akajifuta. Kichwa cha dume wakati wa kutafuta jike huwa cheupe juu, chekundu chini. Na uso wa mzee uliochomwa na baridi ulikuwa mwekundu, na kitambaa kilikuwa kinatikisika.

Zella alisikia mlio wa bunduki, kisha akasikia sauti ambayo haikuwa ya ndege.

Alipofika, baba alikuwa amelala chali, uso wote damu, theluji chini ya kichwa ikibadilika rangi. Denzil amesimama, bunduki imemwangukia miguuni. Alikuwa anasema, "Nilidhani, nilidhani," basi, hafiki mbele. Zella ndiye aliyefunga uso wa baba kwa skafu yake. Ndiye aliyesema, "Kaa naye, usimwache alale." Ndiye aliyeteremka mlima ule mbio, akianguka, akiinuka, mpaka barabarani kwa jirani zao, akina Mavis Combs, akawapigia mlango kwa viwiko kwa sababu mikono haikukunja ngumi.

Mpaka leo, akiwa anaosha vyombo au anapasua kuni, Zella husimama akafikiri: laiti ningemtuma yeye, nikabaki mimi. Maana alikimbia kutafuta msaada, na huko nyuma ndugu yake akapata nafasi ya kusema.

Aliporudi na wanaume wa akina Combs na machela ya blanketi, alimkuta Denzil amepiga magoti, ameshika mkono wa baba, na sauti yake imeshatulia.

"Zella hakukusudia, baba. Vidole vyake vilikuwa vimeganda. Bunduki ilimponyoka."

Mwanaume mmoja akamtazama Zella, kisha akatazama pembeni. Nani angeuliza zaidi? Bonde zima lilijua sheria ya Harmon. Ndege alilazwa na Zella, basi bunduki ilikuwa kwa Zella.

"Zella," baba aliita, akipapasa hewani. "Njoo, mwanangu. Usilie. Siyo kosa lako, ni kitambaa changu hiki."

"Baba, siyo mimi."

"Najua, najua. Hukukusudia."

"Siyo mimi niliyepiga!"

"Shh," akasema Harmon, anatokwa damu, anambembeleza. "Usimtafute wa kumsukumia, mwanangu. Mimi sina kinyongo."

Mtu atauliza kwa nini hakuendelea kusema. Aliendelea. Alisema hospitalini, alisema jikoni, alisema mbele ya mchungaji. Kila aliposema, aliona watu wakimhurumia kwa namna mbaya, kama anayehurumiwa kwa ulevi. Denzil hakumtukana hata mara moja. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Dada yangu ameumia sana, tumwacheni." Alikuwa amechumbia, alikuwa anangoja jibu la kazi ya uaskari wa wanyamapori, na mtu aliyeifuata sauti msituni akampofusha baba yake hapewi bunduki ya serikali.

Aliyemmaliza Zella ni mama. Siku moja wakimenya viazi, Lottie alisema bila kuinua uso, "Kutoka mlimani ndugu yako alirudi na baruti kwenye glavu. Nimezifua mimi."

Kisu cha Zella kikasimama. "Basi mwambie baba."

"Baba yako kapoteza macho. Unataka apoteze na mtoto wa kiume?"

"Na mimi je?"

"Wewe una mabega, Zella. Yeye hana. Hata akiwa mdogo hakuwa nayo."

Lottie alikufa miaka michache baadaye, na hilo akaenda nalo.

Denzil akapata kazi. Akavaa koti la kijani lenye nembo. Kila mwisho wa majira ya baridi akawa anasimama mbele ya vijana kwenye ukumbi wa kanisa kuwafundisha uwindaji salama: usivae nyekundu, usivae nyeupe, usiifuate sauti. Wazazi wakampenda, hasa kwa kuwa aliwasimulia, macho yamelowa, ajali iliyoipata familia yake mwenyewe.

Dukani, Zella akiingia kununua unga wa mahindi, wanaume waliokaa karibu na jiko walikuwa wanavuta kofia machoni. "Vueni vitambaa vyeupe jamani, Zella kaja!" Walicheka, naye akalipa, akatoka. Arlis, kijana aliyekuwa anamletea maharage ya shamba la mama yake na kukaa barazani mpaka giza, alipunguza kuja, kisha akaacha. Hakumlaumu sana. Mama yake Arlis alikuwa amesema hataki wajukuu watakaolelewa na mkono ule.

Akabaki na baba. Alimwogesha, akamnyoa, akamsomea hali ya hewa kwa kutazama mlima kwa sababu kitabu hakukiweza. Harmon hakuwahi kumfokea. Na huo ndio ulikuwa mzigo. Kila mwaka, maua meupe yakichanua, alisema kwa upole, "Zella, nilishakusamehe, unajua?" Naye, baada ya miaka ya kubisha, akaja akajifunza kujibu, "Najua, baba," kisha kwenda nje kupasua kuni ambazo hazikuhitajiwa.

Mwaka ambao Zella alitimiza hamsini, baridi ya maua ilirudi kama ile. Kifua cha Harmon kilikuwa kimeshajaa, daktari akasema wamwache nyumbani, wamlishe anachotaka. Jumapili Denzil alileta pai ya tufaha iliyookwa na mke wake. Zella akamfuata nje mpaka kwenye pikapu.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mjinga, Denzil. Sijasoma, lakini mjinga siyo. Mwambie baba bunduki ilikuwa kwa nani."

Denzil akachezea funguo. Alikuwa amenenepa, masharubu yamekuwa na mvi. "Nikimwambia sasa, atakufa na uchungu."

"Na asipojua baba, mimi nitakufa na nini?"

"Lakini yeye alishakusamehe, Zella."

"Alinisamehe nini? Sema. Alinisamehe nini?"

Denzil akazitia funguo mfukoni. Kisha akasema, na Zella aliona kabisa kwamba wakati ule alimaanisha, "Siku ya kufunguliwa msimu wa kuwinda. Nitakuja alfajiri, tumtoe nje asikie ndege. Nitamwambia hapo. Nipe nafasi hiyo."

Akampa.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, Zella alikwenda peke yake hadi mwisho wa shamba, akakaa kwenye baridi. Hakuwa amefanya hivyo tangu ujana. Akasikia mabawa. Aliporudi, baba alikuwa macho.

"Umetoka wapi unanuka theluji?"

"Nimemlaza ndege, baba. Kwenye mkuyu wa kijitoni. Mzito."

Harmon akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia. "Basi bunduki ni yako," akasema.

Alfajiri walimbeba kwenye kiti chake, blanketi juu ya blanketi, hadi ukingoni mwa shamba. Denzil alikuja na koti lake la kijani, na bunduki ya zamani aliyokuwa ameichukua kwake siku nyingi "kuitunza". Ilikuwa imeanguka theluji nyepesi.

"Denzil, unapumua kama ng'ombe aliyekwama tope," baba akanong'ona.

"Ni kilima, baba."

"Ni pai. Nyamaza, nimwite."

Akatoa filimbi kifuani alikokuwa ameipasha joto, akavuta pumzi ile ndogo aliyobaki nayo. Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika, ikatoka tena. Zella alishindwa kumtazama. Akamtazama Denzil badala yake, mdomo wake, akingoja ufunguke. Baba akaita tena. Kimya cha baridi. Akaita tena, na ng'ambo ya kijito dume akaguruma, kwa sauti iliyoyatikisa maua yenye theluji.

Uso ule wa kipofu uling'aa kama wa mtoto. "Mmemsikia? Denzil, mpe dada yako bunduki. Zella, kaa hapa mbele yangu. Hapa hapa. Mimi sikuogopi, binti yangu. Nataka ujue hivyo kabla sijaenda. Piga."

Denzil akamwekea bunduki mikononi. Hakumtazama. Ndege alikuwa ameshashuka, anakuja juu ya theluji, mweusi, mkia umetanuka, anajivuna, anasimama, anakuja.

Zella alingoja. Alingoja mpaka akaelewa kwamba ndugu yake hatasema. Ndipo akageuka, akamnyooshea bunduki, akasema kwa sauti ya kutosha, maneno yale yale.

"Shika, Denzil. Vidole vyangu vimekufa."

Denzil aliipokea bila kufikiri, kama alivyoipokea siku ile. Pete iliyolegea ikagonga chuma. Kling.

Harmon akageuza kichwa. Akakaa hivyo, sikio limeelekea kwenye mlio ule, kama anayeukumbuka.

"Denzil."

"Ndiyo, baba."

"Asubuhi ile, alikupa bunduki?"

"Baba, ndege yuko karibu, tutamshtua."

"Nimekuuliza."

Dume alisimama pale, karibu kiasi kwamba waliziona nyasi zilizoganda miguuni mwake. Kwa kitambo kidogo Zella alimpenda kama zamani, akamwombea: sema tu.

"Mambo ya zamani hayo, baba," Denzil akasema. "Na baridi hii haikufai. Twende ndani."

Akainuka. Ndege akaona, akakimbia, akapotea.

Harmon aliiweka filimbi mapajani, akapapasa mpaka akaipata mikono ya Zella, akaileta mdomoni, akaipulizia pumzi, kama alivyokuwa akifanya Zella alipokuwa msichana mdogo anarudi kutoka kwenye theluji.

"Barafu tupu," akasema. Basi.

"Baba," Zella akaanza.

"Shh. Tulia, zipate moto."

Je, alijua? Au aliona tu mikono baridi ya mwanawe? Zella amelipindua jambo hilo kila upande na halijampa jibu. Jioni ile homa ilimpanda baba, maneno yake yakachanganyika, akawa anamwita Lottie amletee taa ya mgodini. Alikufa kabla maua hayajaanguka.

Kanisani walijaa mpaka nje. Denzil alisimama mbele, karibu na jeneza, akiwa na koti lake. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema juu ya mgodi, juu ya filimbi. Kisha akasema, sauti ikimtetemeka, "Mnataka kujua baba yangu alikuwa mtu gani? Juma lililopita tu, kipofu, anakufa, alimwambia dada yangu ashike bunduki akae mbele yake. Alimwambia, sikuogopi. Huo ndio msamaha, ndugu zangu." Watu wakalia. Wanaume wale wa dukani walilia. Mavis Combs, ambaye sasa ni bibi, alimshika Zella mkono akamnong'oneza, "Baba yako alikuwa na moyo, Zella. Kuishi na wewe miaka yote hiyo."

Zella hakusimama. Angesimama wangesema amerukwa na akili kwa uchungu. Aliitazama mikono yake mapajani, iliyopuliziwa pumzi na mtu ambaye huenda alijua.

Baada ya maziko Denzil alichukua bunduki, akachukua na filimbi. Avichukue. Mwisho wa mwezi wa tano familia zote za bonde zitapanda makaburini kusafisha na kuweka maua, na kula pamoja juu ya nyasi, na kila mwenye neno juu ya wafu wake atasimama kulisema. Zella atakuwepo na mkate wake wa mahindi. Anachodai si kitu cha kubebwa mkononi. Denzil Ratliff, mwana wa Harmon, askari wa wanyamapori, anadaiwa kusimama mahali pale, mbele ya watu wale wale waliomlilia, na kusema kwamba asubuhi ile dada yake alimpa bunduki, na aliyepiga ni yeye. Anadaiwa na baba yake, ambaye hawezi tena kusikia. Na anadaiwa na Zella, ambaye anasikia vizuri, na bado anangoja.